Baba alifumbua macho siku ya tisa, lakini alikuwa hajarudi. Tuzungumze kuhusu fahamu baada ya upasuaji wa ubongo

#1 BintiFundi

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka ausome usiku. Naandika nikiwa barazani kwetu Matondoni, Lamu, baba amelala ndani na feni inamzungukia. Mwezi mzima nilipokuwa hospitalini nilitafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili jambo hili nisimpate, basi naliandika mimi kwa ajili ya atakayekuja nyuma yangu.

Baba ni fundi wa majahazi, ana miaka 67. Siku moja foromali, ule mti unaofungiwa tanga, iliponyoka kwenye kamba ikampiga juu ya sikio la kushoto. Hakuzirai. Alikaa kivulini, akanywa maji, akarudi kazini. Jambo likaisha, tukalisahau.

Wiki ya tano akaanza kuamka na kichwa kinamuuma. Kisha mguu wa kulia ukawa unaburura, kiatu kinachora mstari mchangani. Akawa anawachanganya wajukuu majina. Tukasema uzee umebisha hodi. Kituo cha kwanza tulikompeleka walimpima presha, wakampa vidonge vya kichwa, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza kama aliwahi kugongwa, na sisi hatukusema kwa sababu hatukujua kuwa jambo la wiki tano lina uhusiano na la leo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Mzee akigongwa kichwa, andikeni tarehe. Baada ya wiki tatu, nne, hata nane, akianza kubadilika, isemeni hiyo tarehe kabla ya neno lingine lolote.

Alianguka uani akitawadha, upande wa kulia unatukutika. Tukamtia kwenye boti hadi Mokowe, kutoka hapo gari mpaka Mombasa. Skani ikaonyesha damu imejikusanya baina ya fuvu na ubongo, upande wa kushoto, nyingine ya zamani na nyingine mbichi. Daktari alitueleza kwa kuchora juu ya boksi la glavu. Alisema ubongo wa mzee husinyaa kidogo, basi vimishipa vinavyouunganisha na utando wa juu hubaki vimenyooshwa, na pigo dogo huvichana. Damu huvuja tone tone. Fuvu halitanuki, kwa hiyo kinachobanwa ni ubongo.

Akatuambia watatoboa kwa keekee, kisha wakate dirisha la mfupa wasafishe, wakirudishe kifuniko. Baba ametumia keekee tangu akiwa kijana wa miaka kumi na mitano.

Saa tatu baadaye tukaambiwa, "Upasuaji umekwenda vizuri." Sisi tukaelewa kuwa kesho atazungumza, kama mtu aliyepasuliwa ngiri. Kesho ikapita. Siku ya tatu, ya nne, bado ana neli mdomoni na mashine inampumulia. Nikaanza kuamini tunafichwa. Kumbe usingizi ule sehemu yake ulikuwa wa makusudi: alishikwa na kifafa mara mbili baada ya upasuaji, na ubongo ulikuwa umevimba, basi walimlaza kwa dawa ili ubongo upumzike. Dawa zilipositishwa hakuzinduka papo hapo, kwa kuwa mwili wa mzee huchelewa kuzitoa. Neno moja la kuuliza lingeniokoa siku nne za kulia: *Je, bado anapewa dawa ya usingizi, na ya mwisho alipewa lini?*

Siku ya tisa akafumbua macho. Ndugu yangu akapiga simu Matondoni, huko wakapika halua. Mimi niliyekuwa mbele yake sikuweza kufurahi. Macho yalikuwa wazi lakini yalinipita kama mtu anayetazama bahari. Nikisogea kushoto hayanifuati. Nikiita haitiki. Kwa lugha yetu tunasema "yuko macho" tukimaanisha mtu anajitambua. Nilijifunza pale kuwa hayo ni mambo mawili.

Siku ya kumi na mbili nesi alikuwa akimbadilisha bendeji. Kipande cha pamba kikaanguka shukani karibu na mkono wa kushoto. Baba akakiokota. Akakisokota kwa kidole gumba na cha shahada, polepole, mpaka kikawa kama utambi. Kisha akakipeleka kwenye ufa ulio baina ya chuma cha kitanda na ubao wake, akakisukuma ndani kwa ukucha. Akapapasa juu ya ufa, akahisi kimejitokeza kidogo, akakisukuma tena. Nesi akataka kumshika mkono, akasema, "Mzee amechanganyikiwa, ataing'oa dripu." Nikamwambia, "Ngoja dada yangu. Anakalafati."

Wasiojua: jahazi likishaunganishwa mbao, baina ya ubao na ubao hutiwa pamba iliyolowa mafuta ili maji yasiingie. Hiyo ndiyo kalafati. Baba ameifanya miaka hamsini.

Siku ya kumi na nne ami yangu alikaa kitandani akamsomea Fatiha. Alipofika "iyyaka na'budu" kikohozi kikamkata. Baba akaendelea. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, lakini alisoma mpaka mwisho, hakukosa hata herufi moja. Tukalia sote. Daktari akaja akamuuliza jina lake, akanyamaza. Akamwonyesha kalamu, hii ni nini, akanyamaza. Siku mbili baadaye ndipo akasema neno lake la kwanza la kuomba kitu, na hakulisema kwa Kiswahili cha redio, alilisema la kwetu: "Mai." Alitaka maji.

Naomba waliopitia haya waseme waliyoyaona. Si dua peke yake, ingawa dua naziomba pia.

#2 Shela_Kijana

Allah amshushie shifaa mzee wetu. Hapo kwenye pamba nimesimama nikaenda kunywa maji kwanza.

#3 NesiMstaafu

Pole sana mwanangu, na hongera kwa kuangalia vizuri. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nyingi nikiwa Malindi, na kati ya hiyo kumi nilikuwa chumba cha mahututi. Niruhusu niyapange uliyoyaona.

Fahamu ina nguzo mbili. Ya kwanza ni kuwa macho, na hiyo hutoka kwenye shina la ubongo, kule chini ya ubongo, juu ya shingo. Ya pili ni kutambua, kujua mimi ni nani na huyu ni nani, na hiyo huhitaji ubongo wa juu ufanye kazi pamoja na shina. Shina likipona mapema kuliko juu, unapata mgonjwa anayefumbua macho, anayelala na kuamka, na bado hayupo. Ndicho ulichokiona siku ya tisa.

Namba mlizokuwa mkisikia madaktari wakitajiana ni za kipimo cha Glasgow, kilichotungwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974. Macho hupewa alama mpaka 4, usemi mpaka 5, mwendo wa viungo mpaka 6. Aliye mzima ana 15, na wa chini kabisa ana 3, hakuna sifuri. Akiwa 8 au chini tunasema hali ni mbaya. Lakini mwenye neli mdomoni hawezi kusema, kwa hiyo namba yake usiilinganishe na ya jirani yake wa kitanda. Nami nikiwa kazini nilikuwa nikitazama zaidi ile ya viungo. Mgonjwa anayefuata amri, "nionyeshe vidole viwili", huyo tayari yuko ng'ambo ya pili.

Sasa ile pamba. Mgonjwa aliyechanganyikiwa baada ya upasuaji hupapasa shuka, huvuta mipira, huokota vitu hewani. Nesi mwenzangu hakukosea kuhofia dripu. Lakini kupapasa hakuna mwisho wala mpango. Baba yako alichukua kitu, akakipa umbo la kazi yake, akakitia mahali panapofaa, akakikagua, akarudia. Mwaka 2002 wataalamu walipoweka mipaka ya hali ya fahamu hafifu, yaani mgonjwa anayeonyesha dalili ndogo tu za kutambua, walisema mtu ametoka kwenye hali hiyo akiweza kuwasiliana kwa kuaminika, au akiweza kutumia vitu kwa kazi yake inayostahili, angalau vitu viwili. Kwa kawaida sisi huwapa kikombe na kitana. Baba yako alijichagulia mtihani wake mwenyewe.

Ni mtu wa nyumbani tu ambaye angeutambua. Ningekuwa mimi zamu hiyo, nami ningemshika mkono.

#4 KakaGanda

Mimi niko Ganda, Malindi. Ndugu yangu ni mgema. Alianguka na kibuyu chake kutoka juu ya mnazi, kichwa kikapiga kisiki. Yeye hawakumrudishia mfupa. Waliutoa upande mzima ili ubongo uvimbe bila kubanwa. Kuna wanaouhifadhi kwenye friza, na kuna wanaoushona chini ya ngozi ya tumbo mpaka siku ya kuurudisha. Wa ndugu yangu ulikaa tumboni miezi minne. Watoto walikuwa wakiugusa wakiuliza, "Baba, kichwa chako kiko hapa?"

Nataka kusema jambo ambalo watu hawalisemi. Alizinduka, akatutambua wote, anatembea, lakini si yeye. Alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kucheka chini chini. Sasa hukasirika kwa sababu ya chumvi. Hutukana mbele ya mama mkwe. Pesa akipewa asubuhi, mchana hana, na hajui zimeendaje. Jirani wanasema ameharibika tabia, wengine wanasema karogwa. Mkewe amevumilia mwaka wa pili huu.

Daktari alisema ni sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo iliyoumia, na ndiyo breki ya mtu. Alinitajia Phineas Gage, mfanyakazi wa reli huko Marekani ambaye mwaka 1848 chuma kilimpita kichwani akabaki hai, lakini rafiki zake wakasema huyu si Gage tuliyemjua. Nilipomweleza shemeji hivyo aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hanichukii?" Nikamwambia hapana, hakuchukii.

#5 MtuWaMokowe

Nimesoma yote. Sitaki kumvunja mtu moyo lakini tuseme kweli. Mjomba wangu alipasukwa na mshipa kichwani, moyo ukasimama njiani, wakamfufua, wakampasua. Alifumbua macho wiki ya tatu. Mwaka mmoja na miezi miwili alikuwa macho, hakuturudia hata siku moja. Tuliuza shamba. Kila wiki kulikuwa na mtu anayetuambia ameona kidole kimetikisika. Matumaini nayo yana gharama yake.

#6 BintiFundi

Mtu wa Mokowe, pole sana, na asante kwa kuyasema. Sitaki mtu asome habari ya baba yangu akauza shamba lake kwa sababu ya kipande cha pamba. Kwa baba niliuona mkono ukirudia kazi ile mara tatu kwa siku mbili, mbele ya watu tofauti. Kidole kilichotikisika mara moja sijui ningefanya nacho nini.

#7 NesiMstaafu

Mtu wa Mokowe yuko sahihi, na kuna tofauti inayofaa ijulikane. Ubongo uliobanwa na damu au uliogongwa una nafasi kubwa zaidi ya kurudi kuliko ubongo uliokosa oksijeni wakati moyo umesimama. Kwa aliyegongwa, mabadiliko ya maana yanaweza kuendelea mpaka miezi 12 na hata kupita. Kwa aliyekosa hewa, kila mwezi unaopita bila dalili ni mzito. Familia ina haki ya kumuuliza daktari waziwazi: ubongo uliumia kwa njia gani? Jibu la hilo lina uzito kuliko kidole.

Lakini upande wa pili wa ukweli nao upo. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimweka kwenye mashine ya picha mwanamke aliyehesabiwa kuwa hana fahamu kabisa. Wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea vyumbani mwake. Ubongo wake ukawaka mahali palepale unapowaka wa mtu mzima wa afya. Alikuwa akisikia na kutii, mwili tu ndio haukuwa na njia. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa wa nchi kadhaa: kati ya wagonjwa 241 ambao hawakuonyesha jibu lolote la nje kwa amri, 60 walionyesha jibu ndani ya ubongo. Robo nzima.

Mashine hizo wodini kwetu kwa kazi hiyo hatuna. Kwa hiyo mimi nilikuwa na sharti moja kwa wageni wa kitanda changu: habari za deni, za mirathi, za "huyu hafiki kesho", ziende nje kwenye korido. Namwita mgonjwa kwa jina lake, namwambia mimi ni nani, nataka kumgeuza upande gani, ndipo namgusa. Sijawahi kujuta kwa kumsemesha mtu ambaye labda hasikii.

#8 Ustadh_Langoni

Ndugu zangu, hiyo ya Fatiha imenigusa. Nina mwanafunzi wangu wa zamani aliyepata kiharusi, hawezi kuniambia amekula nini lakini Yasin anaisoma yote. Watu wanasema ni karama. Kitaalamu ikoje? Pia naomba mawaidha kuhusu kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Familia nyingi huja kutaka kuandikiwa, wampe mgonjwa anywe.

#9 NesiMstaafu

Shikamoo ustadhi. Maneno ya kujitungia, kama "naomba maji", kwa watu wengi hutengenezwa upande wa kushoto wa ubongo. Yale yaliyohifadhiwa kwa kurudiwa maelfu ya mara, kama sala, kuhesabu moja mpaka kumi, nyimbo za utotoni, salamu, yana njia nyingine na mara nyingi husalimika. Sitabishana na anayeiona ni karama. Ninachoomba ni kuwa mlango ulio wazi utumike: waanze aya wamwachie amalize, waimbe wamwachie neno la mwisho, na polepole wamwekee neno la haja humo humo. Na anayejua lugha mbili au zaidi hazirudi lazima kwa mpigo. Ya nyumbani ikitangulia, msemesheni hiyo, msimlazimishe ya shuleni.

Kombe: maji yoyote, ya kombe, ya zamzam, ya dafu, uji, hata chai kijiko kimoja, yasipite mdomoni kabla ya kupimwa kumeza. Koo la aliyetoka mahututi linaweza kuwa halijui tena kufunga njia ya pumzi. Maji yakiingia mapafuni bila hata kukohoa, homa ya mapafu inamchukua mtu ambaye upasuaji ulikuwa umemwokoa. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na kila mara aliyempa alikuwa mtu anayempenda kuliko wote.

#10 Ustadh_Langoni

Nimefahamu. Kuanzia leo nitawaambia wampanguse usoni na kifuani mpaka daktari aruhusu. Kusoma juu yake hakuhitaji kumeza.

#11 MamaZuhura

Niko hospitalini sasa hivi, mama yangu amepasuliwa juzi, uvimbe wa utando wa ubongo. Mchana alikuwa mzuri, alitaja majina yetu wote. Usiku huu anasema kuna mbuzi chini ya kitanda na mimi si mwanawe, anataka kung'oa mpira wa mkojo. Anarudi nyuma? Nifanye nini jamani?

#12 NesiMstaafu

Mwanangu, kwanza mwite nesi wa zamu sasa, mwambie maneno haya: "Mchana alikuwa sawa, usiku amebadilika ghafla." Wamwangalie mboni za macho na nguvu za mikono yote miwili, wapime sukari, chumvi ya damu, homa, na kama mpira wa mkojo umeziba. Chumvi ya damu huweza kushuka kwa waliopasuliwa ubongo na huleta hayohayo. Ikiwa anasinzia kupita kiasi, anatapika, upande mmoja umelegea au ameshikwa na kifafa, usikubali kuambiwa subiri asubuhi.

Wakishamwona wakasema hakuna jipya kichwani, basi ni ile hali ya kuchanganyikiwa inayowapata wazee wengi baada ya upasuaji, na usiku huzidi. Hupanda na kushuka, na wengi hupita salama. Usibishane naye juu ya mbuzi. Mvike miwani yake kama anayo, taa hafifu iwake, mwambie leo ni siku gani na yuko wapi, mshike mkono. Asifungwe kamba. Kesho mchana asilale siku nzima.

#13 MamaZuhura

Chumvi imeshuka kweli. Wamempeleka karibu na meza ya manesi, wameanza kuitibu. Mungu akulipe mama. Ameuliza kama mbuzi amepata maji, nikamwambia ndiyo, akatulia.

#14 KakaGanda

BintiFundi, hujatuambia mzee anaendeleaje sasa. Na je, Ramadhani ikija atafunga? Ndugu yangu aliacha dawa za kifafa siku tatu tu, akaanguka jikoni karibu na moto.

#15 BintiFundi

Hatafunga mwaka huu. Dawa yake ni asubuhi na jioni, na maji anatakiwa kunywa. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, tutalisha maskini. Alikasirika, akageuka ukutani. Ami ndiye aliyekaa naye mpaka akakubali.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu apasuliwe. Anachoka haraka sana, hilo hatukutarajia. Wageni wawili wakizungumza pamoja, macho yanafumba. Tumeweka saa ya wageni, alasiri nusu saa, na waliokasirika wamekasirika. Mguu bado unaburura kidogo. Maneno yanarudi ovyo ovyo: "jahazi" analo, "kijiko" hana, jina langu alilipata kabla ya la mama na mama hakuniambia kitu siku nzima.

Boti hapandi peke yake na ngazi hapandi kabisa, kwa ajili ya kifafa. Lakini juzi tulimpeleka pwani wanakounda mashua ya mtoto wa rafiki yake. Tukamkalisha kwenye gogo. Kijana alikuwa akitia pamba, baba akawa anamtazama mkono. Nikamuuliza, "Baba, hii yaitwaje?" Akafungua mdomo, neno halikuja, machozi yakamjia. Nikajuta kumuuliza. Kisha akanyosha mkono wa kulia, ule uliokuwa dhaifu, akapapasa juu ya ule mstari wa pamba mpaka akafika mahali, akagonga hapo kwa kidole mara mbili na kumtazama yule kijana.

Kijana akainama kuangalia. Palikuwa hapajajaa.